Usiache Mbachao: Filamu za Gari Namba 53 na Haja ya Kuzifufua

Wazazi wengi hulalamika kwamba sebuleni hakuna tena kitu kinachoweza kutazamwa na watu wote wa nyumba. Filamu ikimfaa baba, haimfai mtoto. Ikimfaa mtoto, bibi husinzia. Na ikimvutia kijana, mama huanza kuitafuta rimoti mapema, kwani hajui ni jambo gani la aibu litakalojitokeza dakika inayofuata. Hatimaye kila mmoja hujitenga na simu yake, na nyumba yenye watu saba huwa na skrini saba. Watu hawa wanalala chini ya paa moja, lakini hawana hata hikaya moja wanayoishiriki.

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, juma hili tuzungumzie filamu ambazo katika zama zake ziliwakusanya wazee kwa watoto, na ambazo zinastahili kuulizwa swali hili: je, zifufuliwe? Na zikifufuliwa, ni kitu gani ndani yake kisichofaa kuguswa?

Mwishoni mwa mwaka 1968 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu iitwayo The Love Bug, iliyoongozwa na Robert Stevenson na kutokana na kisa kilichoandikwa na Gordon Buford. Shujaa wake ni gari. Ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1963, yaani ile Volkswagen ndogo ya mgongo wa duara ambayo jina lake lina maana ya mbawakawa. Rangi yake ni nyeupe, ina mistari myekundu, myeupe na ya buluu kutoka mbele hadi nyuma, na imeandikwa namba 53 ubavuni. Jina lake ni Herbie. Gari hilo lina utashi wake: hujiendesha, huona wivu, hukasirika, hulia, na humpenda yule anayelitendea wema.

Filamu ilipata zaidi ya dola milioni 50 katika kumbi za Marekani, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na hivyo ikazaa nyingine. Mwaka 1974 ikaja Herbie Rides Again, ambamo gari linamsaidia bibi kizee ambaye tajiri mmoja anataka kuibomoa nyumba yake ili ajenge jengo refu. Mwaka 1977 Herbie akashindana kutoka Paris hadi Monte Carlo, huku wezi wakiwa wameficha almasi ndani ya tangi lake la mafuta. Mwaka 1980 akapelekwa Mexico na Panama. Mwaka 1982 kikatolewa kipindi kifupi cha televisheni, mwaka 1997 ikatolewa filamu ya televisheni, na mwaka 2005 ikaja Herbie: Fully Loaded, ya mwisho hadi sasa kuonyeshwa katika kumbi za sinema, ambayo iliingiza zaidi ya dola milioni 140 duniani kote.

Hapana budi tuseme wazi kwamba hizi ni filamu za mzaha uliopindukia, na wala hazikusudii kuwa kitu kingine. Katika kilele cha filamu ya kwanza, gari linakatika vipande viwili wakati mashindano yakiendelea. Kipande cha nyuma kinafika cha kwanza, kipande cha mbele kinafika cha tatu, nao waamuzi wanakubali! Waigizaji hukodoa macho, mhasidi husaga meno, na hila zake zote humrudia mwenyewe. Aliyezoea filamu za leo zinazojitahidi kumwonyesha kila shujaa kuwa mtu mwenye huzuni nzito ataziona hizi kuwa upuuzi.

Lakini sisi si wageni wa upuuzi wa namna hii. Ni nani miongoni mwetu ambaye hakulelewa kwa paukwa na pakawa? Sungura amemdanganya fisi, kobe amewashinda wenye mbio, na hakuna mtoto aliyeamka asubuhi akaenda kuzungumza na kobe. Mtoto hujua kwamba hikaya ni hikaya. Mzazi anayechelea kwamba mwanawe ataamini chuma kina roho anaweza kumwambia hivyo kwa sentensi moja, kisha wakaendelea kutazama. Kinachobaki moyoni mwa mtoto baada ya hikaya si yule mnyama aliyesema, bali ni nani alidhulumu na nani alidhulumiwa.

Isitoshe, wazo la gari dogo kuwashinda wakubwa si la ajabu kwa watu wa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari Rally, ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Volkswagen ya aina hii mwaka 1954, kisha 1957, kisha 1962. Injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na kwa hiyo yalishika vizuri katika tope. Tena ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta ya kuchemka njiani. Magari makubwa na ya fahari yalikwama, nayo ikapita. Wazee waliosimama kando ya barabara miaka ile waliyaona hayo kwa macho yao kabla Herbie hajazaliwa katika karatasi za mtunzi.

Husimuliwa pia kwamba watengenezaji wa filamu, kabla ya kuchagua gari, walipanga magari kadhaa madogo nje ya majengo yao na kuwaangalia wafanyakazi waliopita. Kwa magari mengine, watu walipiga teke magurudumu na kushika usukani. Walipofika kwenye Volkswagen, waliipapasa, kama mtu anavyompapasa mwanakondoo. Hapo gari likawa limepatikana.

Mtoto anayeitazama filamu hii huanza kwa kusema "limekimbia", na kabla ya nusu saa kupita atakuwa anasema "amekimbia". Sarufi yetu yenyewe huonyesha mahali ambapo moyo wake umeingia. Na jambo hili linapatikana bila ya gari kutamka neno hata moja. Herbie hana mdomo. Ana taa mbili za mbele, honi, waipa, milango na boneti, na kwa hivyo tu hueleza furaha na uchungu. Magari ya filamu ya Cars ya mwaka 2006 yana macho na midomo, na husema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gari la kipindi cha Knight Rider cha miaka ya themanini lilisema kwa ufasaha kama mwalimu. Herbie hunyamaza, na mtazamaji hulazimika kumsoma, kama tunavyomsoma mtoto mchanga au mnyama wa nyumbani ambaye hawezi kushtaki.

Gari lenye uhai si lazima liwe jema. Wengi wetu tuliokulia karibu na mabanda ya video twaikumbuka filamu ya Kihindi ya mwaka 2004, Tarzan: The Wonder Car, ambamo baba aliyeuawa analipiza kisasi kupitia gari ambalo mwanawe amelitengeneza upya. Hilo ni gari la kisasi, na mtoto mdogo huenda akaota ndoto mbaya. Herbie ni wa upande mwingine. Nguvu zake huzitumia kumhudumia mtu, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo ninadhani ndilo kiini cha filamu hizi zote.

Dereva wa filamu ya kwanza ni Jim Douglas, aliyeigizwa na Dean Jones. Ni mtu aliyeshindwa katika mashindano mengi na ambaye hana fedha. Anamkuta tajiri Peter Thorndyke, mwenye duka la magari jijini San Francisco, akilidhalilisha gari dogo, naye anamkataza. Kwa wema huo mdogo, gari linamfuata hadi nyumbani. Jim anaanza kushinda. Anashinda tena na tena, na kadiri anavyoshinda ndivyo anavyoamini kuwa ni ustadi wake mwenyewe. Rafiki yake fundi, Tennessee, anamwambia kwamba gari ndilo linaloshinda, lakini hasikii. Kisha anafanya jambo baya: ananunua gari jipya la fahari, Lamborghini, na anapanga kumuuza Herbie ili apate kulilipia.

Herbie analiona gari jipya na kuliharibu kwa wivu, kisha anatoroka usiku. Jim anamtafuta, na anamkuta kwenye daraja la Golden Gate akitaka kujitupa. Anapojaribu kumzuia, ni yeye mwenyewe anayeponyoka na kuning'inia, na aliyemrudisha juu ni Herbie. Aliyetaka kuuzwa ndiye aliyemwokoa aliyetaka kumuuza.

Wahenga walilisema jambo hili kwa maneno machache kuliko filamu yoyote: usiache mbachao kwa msala upitao. Jim aliuacha mbacha wake. Alinyanyuliwa na mnyonge, na alipofika juu akamwona mnyonge yule kuwa hafai kuonekana naye. Hili halihusu magari. Linahusu mke aliyevumilia miaka ya dhiki, kaka mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wasome, bibi aliyelea wajukuu kisha akaachwa kijijini bila hata simu ya salamu. Mtoto wa miaka minane hawezi kuelezwa mambo haya kwa hotuba akayaelewa. Lakini akimwona Herbie peke yake darajani usiku, anaelewa kabisa, na huenda akalia.

Filamu ya 2005 ililirudia jambo hili, na ndiyo sababu ninaiona kuwa ilifaulu kuliko wengi wanavyokiri. Maggie Peyton, aliyeigizwa na Lindsay Lohan, amemaliza chuo, na baba yake anamnunulia zawadi ya gari katika uwanja wa vyuma chakavu. Anayemtoa humo, bila kujua, ni Herbie, aliyebaki kidogo tu asagwe. Gari linampandisha kutoka kutojulikana hadi umaarufu. Kisha bingwa mmoja mwenye majivuno anamshawishi, kila mmoja anaweka gari lake rehani katika shindano, na Maggie anapoteza. Herbie anapelekwa katika uwanja ambamo magari hugonganishwa mpaka yavunjike, ili watu wacheke. Maggie anaingia humo mbio, anamkuta amejaa makovu, na kumwomba msamaha mbele ya umati. Ni kisa kilekile cha Jim: mnyonge akunyanyua, wamfanyia khiyana, wajuta, wamrudia.

Sasa tazama pale ambapo filamu hizi zilipoteza nguvu. Ile ya 1980 imerundika visa: wezi, meli, fahali wa kupigana, ndizi, gari kugeuzwa teksi. Vichekesho vimo tele, lakini khiyana ile na toba yake havipo. Ile ya 1997 ilijaribu kueleza chanzo cha uhai wa gari: eti picha ya mke wa mhandisi iliangukia katika madini yaliyoyeyushwa. Maelezo hayo hayakuongeza kitu. Hikaya haihitaji kutueleza ni vipi sungura alijifunza kusema. Katika filamu ya kwanza hakuna anayejua sababu, na kutojua huko ndiko kunakomlazimu Jim aamue kwa moyo wake: atalitendea wema gari hili au la?

Ile ya 1974 haina khiyana, lakini ina kitu kinachokaribia. Bibi kizee anaishi katika nyumba ya zamani ya zimamoto, na pande zote majirani wamekwisha kubomolewa. Tajiri ana mawakili na matingatinga, naye bibi ana gari moja dogo. Familia yoyote ya mjini kwetu iliyowahi kuona kiwanja cha mjane kikimezwa na jengo la ghorofa itacheka huku ikiuma midomo.

Swali la kufufua sasa si la dhana tu. Disney imekuwa ikizirudia filamu zake za zamani moja baada ya nyingine. Mwaka 2019 pekee iliirudia Aladdin na pia The Lion King, ile ya simba wenye majina ya Kiswahili, ambayo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Palipo na fedha kiasi hicho, hakuna filamu ya zamani iliyo salama katika kabati lake. Wapo wanaosema kwamba zilizopita ziachwe zipumzike, kwa kuwa zipo na anayezitaka atazitazama. Hoja hii ina uzito, na kwa filamu nyingi ningeikubali. Lakini mtoto wa leo aliyezoea picha za kasi haikai filamu ya 1968 peke yake. Huletwa kwayo na mtu. Filamu mpya iliyo njema huwa mlango wa kuingilia kwenye zile za zamani. Ile ya 2005 iliwafanyia vijana wa wakati wake kazi hiyo.

Tena wakati wenyewe unafaa. Volkswagen Beetle ya mwisho ya umbo la zamani ilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Hata ile ya umbo jipya iliachwa kutengenezwa mwaka 2019. Herbie akirudi leo, atakuwa mzee kikwelikweli, katikati ya magari ya umeme yanayojiendesha. Hebu fikiri: mwaka 1968 gari linalojiendesha lilikuwa kichekesho, na leo ni bidhaa. Magari hayo yanajua njia, lakini hayajui nani anayeyaendesha wala hayajali. Gari kuukuu linalomtambua mtu wake lingekuwa na la kusema kuliko lilivyokuwa nalo miaka ile, ijapokuwa halina mdomo.

Watakaolifufua, basi, wasimpe Herbie sauti. Wasimfanye wa kompyuta tupu: magari ya filamu ya kwanza yaliendeshwa na madereva waliojificha, na uzito wa chuma cha kweli huonekana. Wasimgeuze tangazo la biashara: katika filamu ya kwanza nembo ya kiwanda iliondolewa kwenye gari, ilhali katika ile ya 2005 nembo zilijaa hata Herbie akapendezwa na gari jipya la kiwanda hichohicho. Waache mizaha ya kuwacheka Wachina na watu wa Mexico, ambayo hata wakati ule haikuwa na heshima. Na juu ya yote, wasiuondoe usiku ule wa darajani.

Kwa wazazi watakaotaka kuzitazama zilizopo, kuna mambo ya kujua mapema. Katika filamu ya kwanza Thorndyke anamlewesha Tennessee kwa kahawa iliyotiwa pombe na kumimina iliyobaki katika tangi la Herbie, na ulevi huo hufanywa kichekesho. Tukio la daraja laweza kumtia mtoto mdogo hofu. Katika ile ya 2005 lile shindano la kuwekeana magari ni kamari waziwazi, na Maggie anashindana kwa siri huku akimficha baba yake. Mambo haya hayanifanyi niseme zisitazamwe. Yanafanya mzazi akae hapo hapo, asiende jikoni, na aseme neno lake kwa wakati wake. La Maggie na baba yake hasa linafaa kuzungumzwa na vijana: baba alimkataza kwa kumhofia baada ya ajali, binti akaficha kwa kuhofia kukatazwa, na siri ile ikawagharimu wote wawili mpaka walipokaa wakasemezana.

Likizo za shule zinapokaribia, jaribuni jioni moja. Zimeni simu, wekeni filamu ya kwanza, na bibi apewe kiti cha mbele, kwa kuwa huenda ndiye pekee katika nyumba aliyewahi kupanda gari la namna hiyo. Ikiisha, msiwape watoto mawaidha. Waulizeni tu: Jim alikosea wapi? Wengine watasema alipolinunua gari jipya. Yupo atakayesema alianza kukosea mapema zaidi, pale alipodhani anashinda peke yake. Huyo mwacheni aeleze, nanyi wakubwa msikilize.